Winga wetu kaondoka ghafla, tukabaki na daftari lake

#1

Wakuu salaam. Huu uzi ulikuwa kiporo muda mrefu, leo nauandika kwa sababu nimechoka kusikia vijiweni huku Tandika kwamba rafiki yetu Winga, aliyeanguka uwanjani akafa, alipigwa kipapai, yaani alirogwa, na mtu wa sokoni. Hakupigwa kipapai, ulikuwa moyo. Unaamini hayo mambo sikukatazi, ila usinihadithie mimi niliyekuwa nimekaa pembeni ya uwanja nimeshika simu yake.

Jina sitaji, familia ipo na mama yake hapendi mambo ya mitandao. Mtaani wote tulimwita Winga na sababu ni kazi tu, maana uwanjani alikuwa beki namba tatu, tena wale wa kukaba hadi penati. Miaka 24.

Kwa mliopo mikoani ambao Kariakoo mnaijua kwa kupita: winga hana duka. Anasimama Mtaa wa Kongo au Narung'ombe jua linamchoma, anakudaka unaposhuka, dada unatafuta nini, kaka karibu, anakupeleka kwenye duka wanalomjua, bei ya dukani elfu kumi na nne wewe unaambiwa kumi na sita, ile elfu mbili ndio cha juu, ndio ugali wake wa siku. Mawinga mnawachukia najua, na wengine wanastahili kabisa, kuna watu wamebebeshwa simu ya mdoli kwenye boksi zuri. Huyu wetu alikuwa na akili nyingine. Aligundua mapema kwamba kumpiga mtu bei mara moja unakula leo, ila mtu wa mkoani akikuamini unakula mwaka mzima. Kwa hiyo alikuwa na wateja wake Mpanda, Tunduma, Masasi, wengine hajawahi kuwaona hata sura, wanamtumia voisi na picha ya kitu wanachotaka, wanatuma hela, yeye anazunguka anachukua mzigo, anaufunga kwenye salfeti, anaandika jina kwa maka peni, anaupeleka Mbezi stendi ya Magufuli kupanda basi, anampigia mteja kumwambia namba ya gari. Ndio maisha yake yote yalikuwa hayo. Jumapili mpira.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa kwanza, ule msimu wa shule kufunguliwa ambao mawinga hawalali, yeye alikuwa kashinda wiki nzima kwenye mabegi na madaftari na bado jioni akaja kucheza. Kama kawaida akanikabidhi simu na ndala. Kipindi cha pili kimeanza kidogo tu, mpira uko upande wa pili kabisa, hakugongwa na mtu yeyote, nikamuona kainama kashika magoti kama mtu anayevuta pumzi, halafu akaenda kifudifudi. Mikono hakuitanguliza. Hicho ndio kitu ambacho mpaka leo nikifumba macho nakiona, mtu akijikwaa anatanguliza mikono, yeye alianguka kama gunia.

Watu wakajaa. Mmoja anapiga kelele kifafa hicho msimguse mapovu, mwingine anamwaga maji kichwani, mama mmoja wa genge akaja na kitunguu kakipasua anamnusisha, kuna mzee akataka kijiko atie mdomoni. Na yeye alikuwa anakoroma. Ule mkoromo mzito, unakuja unakata, unakuja unakata, na kila ukija watu wanasema haya anapumua huyo, mpeni hewa. Tukamtia kwenye bajaji miguu inaning'inia nje, mimi nimempakata kichwa, foleni ya Jumapili jioni mnaijua wenyewe. Hospitali tulikofika daktari hakuchukua muda, akasema mmechelewa vijana.

Kesho yake baada ya adhuhuri tukazika. Waislamu wanajua, hakuna kusubiri, na hiyo haraka ni kitu cha ajabu sana kwa kifo cha namna hii, maana jana saa kumi jioni mtu anakutania kwamba ndala zake usizivae, leo saa nane mchana uko ndani ya shimo unapokea mwili kuuweka kwenye mwanandani. Akili inakuwa haijafika bado. Nilikuwa nafanya kila kitu vizuri kabisa, nimebeba, nimeshika beleshi, na sikulia, nilikuja kulia kama wiki mbili baadae niko kwenye mwendokasi kwa sababu ya kitu cha kijinga tu, mtu kavaa jezi kageuza kola kama yeye.

Tukiwa makaburini ndio simu ikaanza kuita. Nilikuwa nayo bado mfukoni, hakuna aliyeniuliza. Sheikh anasoma talkini, simu inaita. Nikaizima mlio. Tulipotoka nikaangalia, missed call za kutosha, na voisi za wateja. Mwana simu yake ilikuwa haina pateni, alikuwa anasema pateni inamchelewesha kwenye biashara. Nikasikiliza ya kwanza, ni mama wa Mpanda, sauti ya kizee kidogo, anasema mwanangu vipi, ule mzigo wa mabegi umepanda gari gani, shule zinafunguliwa na huku watu wananisumbua, hela nimekutumia tangu jana asubuhi au haijafika.

Alikuwa katuma laki nne na themanini.

Na sio yeye peke yake. Hapo ndipo tulipotafuta daftari. Alikuwa na kaunta buku ya kwaya mbili, jalada limeshikwa na selotepu, ameandika kila kitu humo. Jina la mteja, mkoa, kitu, bei ya duka, cha juu, gari, kafika/hajafika. Halafu kuna kurasa za nyuma za mali kauli, maana yale maduka mawili yaliyokuwa yanamwamini walikuwa wanampa mzigo kwanza analipa akishalipwa. Mwandiko mbaya kama wa kuku, ila hesabu zimenyooka. Na pembeni ya majina ya wateja fulani, wachache tu, kaandika kwa peni nyekundu: HUYU USIMPIGE. Tulikuwa tumekaa kibarazani kwao mimi na mawinga wenzake wanne, tukafika kwenye hayo maandishi tukanyamaza wote. Kwa nani alikuwa anaandika "usimpige"? Lile daftari alikuwa analisoma yeye mwenyewe tu! Alikuwa anajikataza mwenyewe. Mama wa Mpanda ni mmoja wao, kwenye kila begi kamuwekea cha juu mia tano, watu wengine elfu na mia tano.

Pale makaburini baba yake mdogo alishatangaza kama ilivyo ada, anayemdai marehemu aje kwa familia, na anayedaiwa naye pia aje. Watu huwa tunaitikia tu. Safari hii tukajikuta sisi ndio tunaitekeleza hiyo kauli na kaunta buku mkononi.

Ntaendelea, kuna mteja kaja.

#2

Pole sana mkuu. Innalillahi wainna ilayhi raajiun. Mungu amuweke mahali pema.

#3

Dah. Hapo kwenye mikono umenimaliza.

#4

Pole mleta uzi ila acha ubishi. Kijana wa 24, mzima, anacheza mpira, anaanguka tu mwenyewe bila kuguswa? Na wateja wengi kuliko wenzie? Kariakoo mimi nimefanya biashara, pana mambo pale. Nyie wasomi mkishasema "moyo" mnadhani mmemaliza.

#5

Mkuu #4 ngoja nikujibu mimi maana niko kwenye sekta ya afya na hii stori naisikia kila mara inaishia kwenye ramli.

Mchezaji kijana kuanguka bila kuguswa mpira ukiwa mbali, hiyo inajulikana dunia nzima. Marc-Vivien Foé wa Cameroon, 26 Juni 2003, Lyon, nusu fainali ya Kombe la Mabara dhidi ya Colombia, dakika ya 72, kaanguka duara la kati hakuna mtu karibu. Alikuwa na miaka 28. Walipompasua wakakuta misuli ya moyo ilikuwa minene kupita kawaida, kitu cha kuzaliwa nacho. Nani alimroga Foé, Wacolombia? Hapa kwetu watu mmesahau tu, Desemba 2016 Kaitaba pale Bukoba, Ismail Mrisho Khalfan wa Mbao FC, ligi ya vijana, mtoto wa miaka 19, mechi na Mwadui, kafunga goli na baadae katika mechi hiyo hiyo kaanguka akafariki. Ile video ilizunguka nchi nzima.

Moyo unaendeshwa na umeme. Mtu mwenye hitilafu ya kurithi anaweza kukaa miaka anabeba magunia, anacheza, yuko fresh, siku moja umeme unavurugika, moyo badala ya kusukuma damu unatetemeka tu. Damu haiendi kwenye ubongo, ndio maana hatangulizi mikono, kazima kabla hajafika chini. Na ule mkoromo mleta uzi aliousema, sio kupumua. Hayo ni mafundisho ya kwanza kabisa. Ni ubongo unajaribu kuvuta hewa moyo ukiwa umeshasimama. Wanaomuona wanatulia, wanasema anapumua, kumbe hapo ndipo pa kuanza kazi.

Kazi yenyewe: mlaze chali pagumu, kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka, bonyeza kwenda chini sentimita 5 hivi, haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, usiache, ukichoka mwingine apokee. Usitie kijiko, usitie kitunguu, maji ya kichwani hayasaidii kitu. Kila dakika inayopita bila kubonyezwa na bila mashine ya kushtua moyo, nafasi inashuka kama asilimia 7 hadi 10. Sasa piga hesabu ya bajaji na foleni. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa huyo, Machi 2012 anacheza Bolton dhidi ya Tottenham, moyo ulisimama dakika 78 na yupo hai mpaka leo, kwa sababu walimbonyeza na kumshtua bila kuacha kuanzia uwanjani mpaka hospitali. Eriksen wa Denmark 2021 vilevile, alirudi na kucheza ligi kabisa.

Mleta uzi swali: aliwahi kuzimia kabla? Na kwenye ukoo kuna mtu alikufa ghafla akiwa kijana?

#6

Huu mchango wa #5, watu wa ndondo, yaani mpira wa mtaani, ungebandikwa kila kiwanja.

#7 (mleta uzi)

Nimerudi. #5 ahsante sana aisee, hilo la mkoromo nililijua baadae na kwa kweli lilinipa shida kulala, sitaki kulirudia.

Majibu yako ndio na ndio. Kuzimia aliwahi, kama mwaka mmoja nyuma, alikuwa anapandisha mzigo ghorofa ya nne kwenye jengo moja pale Aggrey, akakaa chini ngazini akapotea kidogo akaamka anacheka, tukasema njaa hiyo winga anashindia juisi ya miwa na mhogo. Na baba yake mkubwa kule Muheza alifariki shambani akiwa na thelathini na kitu, hivyo hivyo, mchana kweupe, na ukoo mzima waliamini kaendewa. Kwa hiyo #4 unaona hilo lilivyo, ukoo ulishapewa taarifa mara moja na taarifa ikapelekwa kwa mganga.

Mwili haukupasuliwa, ulizikwa, kwa hiyo karatasi ya kuthibitisha hatuna. Ila mama yake, ambaye hajasoma mkuu lakini ana akili kuliko sisi wote, aliposikia habari ya kurithi akasema basi wanangu waliobaki wakapimwe. Tukachanga, wakaenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, vipimo vya moyo, ECG na eko. Dada mzima. Mdogo wake wa kiume, wa kidato cha tatu, kakutwa misuli ya moyo imenenepa. Anatumia vidonge, kakatazwa mpira, na ananichukia mimi kwa sababu mimi ndio niliyempeleka. Anasema bora asingejua. Sina cha kumjibu, ana miaka 17.

#8

Mkuu #7 hapo pa mdogo wake... kipapai gani kinapiga ndugu wawili kwenye moyo na baba mkubwa juu. #4 uje.

#9 (#4)

Nimeelewa wakuu. Ila na nyie mjue mtu akifiwa hivi anatafuta pa kushika. Mimi mdogo wangu alienda hivyohivyo 2014 na nilimchukia jirani miaka. Nawasalimu.

#10

Pole sana ndugu yangu, nasoma kutoka Mombasa. Huku kwetu pia maziko ni siku hiyo hiyo, mtu akifa alfajiri ladhuhuri ashazikwa, hiyo haraka uliyoisema naielewa sana. Rafiki yangu mimi alikuwa akiuza viatu vya mitumba pale Kongowea, na baada ya kumzika hatukujua ana deni wala anadai nani, daftari hakuwa nalo, kila kitu kilikuwa kichwani mwake. Watu wakaja wakasema wanamdai, wengine wakweli, wengine maharamia tu. Nyinyi mlibahatika kwa lile daftari wallahi.

#11

Mleta uzi maliza ya mama wa Mpanda basi. Hela yake ilikuwa kwenye simu ya marehemu si ndio? Na simu ilikuwa kwako. PIN mlikuwa nayo?

#12 (mleta uzi)

Ndio nafika hapo. Hela ilikuwa kwenye laini yake, yote, haijaguswa, kwa sababu ilitumwa Jumapili asubuhi na yeye alipanga anunue Jumatatu. PIN dada yake alikuwa anaijua. Na kulikuwa na mvutano hapo, usiku ule ule wa msiba, wenzangu wawili wanasema tutoe hela tununue mabegi tutume, ni hela ya mama wa watu sio ya marehemu, tatizo liko wapi. Kwa akili ya kawaida wako sahihi. Ila baba yake mdogo akagoma kabisa, akasema mtu akishakufa hakuna wa kuingiza vidole kwenye hela yake mpaka kuwe na msimamizi, leo mtatoa ya mama wa Mpanda kesho atakuja mwingine na ya kwake, na huyo binti aliyetoa PIN ndio atakayekuja kuulizwa na ndugu. Wakati ule nilimuona mzee mnoko. Sasa hivi namuona ndiye aliyetuokoa, maana yalikuja kutokea ya kutokea.

Tulichofanya, tulikwenda kwenye lile duka lililokuwa linampa mali kauli. Tukamkuta mwenye duka, tukamwambia Winga hatunaye. Mtu mzima yule alikaa kwenye kiti akavua kofia. Kisha akauliza alikuwa na mzigo gani wa kupeleka. Tukamuonyesha kwenye kaunta buku. Akatoa mabegi yote kwa bei yake ile ile, kwa mali kauli, kwa jina la mawinga wanne na mimi, tukaandikiana. Tukafunga salfeti, tukaandika na maka peni, Jumanne asubuhi ikapanda gari.

Kumpigia yule mama ndio ilikuwa kazi. Tulisukumiana. Mwishoni nikapiga mimi. Nikamwambia mama mzigo umepanda, namba ya gari hii, utafika kesho. Akasema ahsante, mbona sio sauti ya mwanangu. Nikamwambia. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekata, halafu akauliza "alikuwa na mama?" Nikasema ndio anaye. Akasema nipe namba yake. Mpaka leo wale wakina mama wawili wanapigiana, hawajawahi kuonana.

Ile hela ya kwenye laini ilichukua miezi. Cheti cha kifo RITA, wale wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kikao cha ukoo na muhtasari wake, kwenda Mahakama ya Mwanzo kuthibitisha msimamizi, ndio mtandao ukakubali kuifungua. Duka likalipwa lote. Wateja wengine waliokuwa wametuma nao tuliwamaliza kwa mtindo huo huo mmoja mmoja. Waliokuwa wanadaiwa na yeye... wapo waliolipa wenyewe bila kuulizwa, wapo waliobadilisha namba, binadamu ndio hao.

#13

Mkuu mimi nadhani namjua. Alikuwa mrefu, ana kakovu kwenye nyusi, anaita kila mtu "tajiri"? Kama ndio yeye alinisindikiza kununua vitu vya harusi yangu siku nzima, nikamuuliza nikupe bei gani akasema nipe unachoona. Nilimpa elfu kumi. Nikikumbuka naona aibu.

#14 (mleta uzi)

#13 naomba usiendelee kumuelezea sura, nilishasema. Ila ndio, "tajiri". Hata mimi aliniita tajiri na nilikuwa namkopa nauli.

Elfu kumi usione aibu, kwenye daftari harusi zina ukurasa wake na nyingi kaandika "kapendeza, sawa".

#15

Hayo mafunzo ya kubonyeza kifua mtu wa kawaida anayapata wapi? Sisi timu yetu huku Buza tuna wachezaji karibu thelathini na hata boksi la huduma ya kwanza hatuna.

#16 (#5)

Msalaba Mwekundu wanafundisha huduma ya kwanza, wasiliana na ofisi yao ya mkoa. Mkiwa kikundi ni rahisi zaidi kuliko mtu mmoja mmoja. Mkija mnataka kuandaa siku nicheki inbox, nitakuja bure na mdoli wa kufanyia mazoezi nitaazima kazini. Nusu siku inatosha kwa kuanzia. Na wachezaji wenu wakizimia uwanjani hata mara moja, au kifua kinabana wakikimbia, hao wapelekwe ECG kabla ya mechi nyingine, msiwape glukosi mkaendelea.

#17

Mleta uzi ulisema "yalikuja kutokea ya kutokea" halafu ukapita. Yapi hayo?

#18 (mleta uzi)

Haha nilijua mtaniuliza. Siku ya tatu ya msiba, watu bado wako kwenye mkeka, kaja jamaa mmoja kavaa vizuri, kapeana mikono na wazee, kasema anamdai marehemu laki tisa, walifanya biashara ya simu. Hana karatasi, anasema walikuwa wanaaminiana. Baba mdogo akamkaribisha chakula kwa heshima zote, akamuuliza ni lini hiyo, jamaa akataja mwezi. Mzee akaniita, lete lile daftari. Nikaleta. Tukafungua mwezi huo, ukurasa kwa ukurasa, mbele yake, kuna mpaka nauli za bodaboda za mia tano, laki tisa hamna. Mzee akamwambia yule jamaa: baba, marehemu simu hakuwahi kuuza hata moja, yeye ni mabegi na vitenge, ila sisi hatutaki roho ya mtoto wetu ining'inie, wewe njoo na shahidi mmoja tu, yeyote, tukulipe. Jamaa akasema sawa atarudi naye kesho.

Wali alimaliza lakini. Shahidi bado tunamsubiri.